Barua ya wazi kwa wakurugenzi: neno amana mliloliondoa ukutani

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa kampuni inayomiliki hoteli niliyoitumikia, pwani ya mashariki, Unguja.

Baada ya salamu.

Mimi ndiye niliyewatafsiria yale maneno matano ya misingi ya kampuni. Naanza hapo kwa sababu wengi wenu hamtonikumbuka kwa sura, wala sishangai. Mlikuwa mkija kila Januari, siku nne au tano, na ofisi yangu ilikuwa nyuma ya jiko, mlango wa pili ukipita stoo ya viazi. Nilikuwa afisa utumishi wenu kwa miaka minane, kuanzia 2014 hadi 2022. Barua za kuajiriwa, za onyo, za likizo na za kuachishwa kazi zote zilipita mkononi mwangu. Kwa hiyo nikizungumza hapa juu ya waliyofanyiwa wafanyakazi, nazungumza pia juu ya sahihi yangu, na nitafika huko.

Hoteli siitaji jina. Nyinyi mnajijua, na ndani bado kuna watu wangu wanaopata riziki yao hapo. Nilishaandika barua mbili za kawaida, moja kwa meneja na moja kwenu kwa baruapepe. Zote zilijibiwa kwa adabu, kwamba mnathamini sana maoni yangu. Kama nisingejibiwa kabisa, pengine ningenyamaza nikasema barua zimepotea. Kushukuriwa ndiko kulikonifanya niiandike hii ya tatu mbele ya watu.

Turudi mwaka 2017. Kutoka makao makuu mlileta bango zuri la kioo lenye maneno matano ya Kiingereza, ambayo mliyaita misingi ya kampuni, likatundikwa kantini baina ya birika la chai na mashine ya kuwekea kidole asubuhi. Meneja wa wakati ule, ambaye kwa haki alikuwa mtu mwema, aliona kwamba watu wa dobi, wa bustani na wa jikoni wanalipita tu kama wanavyopita kizima moto. Akaniita. Nitafsirie, akasema, utapata elfu hamsini na chakula cha jioni cha watu wawili katika mkahawa wa wageni. Elfu hamsini niliipata. Chakula bado nakisubiri, lakini hilo si la barua hii.

Maneno manne yalikuwa mepesi. Familia, Heshima, Uwazi, Mazingira: hata mtoto wa skuli angeyamaliza kabla ya mapumziko. La tano, integrity, ndilo lililonikesha. Kamusi inasema uadilifu, nalo ni neno zuri, ila kwetu limeshachoka. Ukilisikia unamwona mgeni rasmi na kipaza sauti, na watu wanatazama kreti za soda. Nikajaribu uaminifu, likasomeka kama tangazo la kutafuta mlinzi wa usiku. Mwisho nikampigia simu mama yangu, yuko Wete, Pemba. Nikamwambia, mama, mtu ambaye hata asipoonekana hatendi baya, akiachiwa cha mwenziwe hukirudisha kama alivyokipokea, mtu huyo tunasemaje ana nini? Hakufikiri. "Ana amana huyo."

Nikaandika AMANA.

Naomba mnivumilie kidogo juu ya neno hili, kwani ndilo lililotufikisha hapa. Amana kwa Kiswahili si sifa ya mtu tu. Ni kitu, unaweza kukishika. Ni vidani vya dhahabu ambavyo jirani anakuachia akienda Hija. Ni pesa za harusi anazoziweka kwako shoga yako kwa sababu nyumbani kwake hazikai. Ni mtoto wa ndugu uliyepewa umlee. Kikikaa kwako miaka kumi bado hakijawa chako, na mwenyewe ana haki ya kubisha hodi siku yoyote, hata usiku, akasema nimekuja kuchukua changu. Lile neno lenu la Kiingereza halina mwenyewe. Mtu anaweza kujisifu nalo maisha yake yote na asitokee wa kumdai. Amana huwezi kuitamka bila ya kuwepo mtu wa pili, anayedai.

Nikiri kwamba siku ile sikuyafikiria haya. Nilifurahi tu kwamba neno limekaa vizuri.

Seremala wa hoteli aliuchora ubao kwa rangi ya buluu, maneno yote matano, na chini yake akachora jahazi bila ya kuombwa. Tukautundika pembeni ya bango la kioo. Wiki za mwanzo watu walifanya mzaha. Mpishi akirudisha kisu alichoazima, "amana yako hii." Dereva akirudisha funguo, "pokea amana." Halafu mzaha ukawa kawaida. Kijana mmoja wa vyumbani aliokota pete ya mgeni ndani ya foronya, akaja nayo ofisini imefungwa katika karatasi ya chooni, akaiweka mezani na kusema neno moja tu: "Amana." Mgeni alikuwa ameshapanda ndege. Tulimtumia pete yake, akaandika sifa nyingi mtandaoni, na sifa zile mlizisoma kwa sauti Januari iliyofuata. Mlisema hivi ndivyo misingi ya kampuni inavyoishi. Mlisema kweli, iliishi. Iliishi kwa kijana aliyekuwa akilala wanne chumba kimoja.

Sasa nije kwa Bi Dobi. Ndivyo tulivyokuwa tukimwita sote, mama wa makamo, mkubwa wa watu wa kufulia, mikono yake imebabuka kwa jiki. Alikuja ofisini mwisho wa Oktoba 2017 na karatasi yake ya mshahara. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akaikunjua karatasi polepole kama mtu anayefungua kidonda.

"Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

"Hapo ni ZSSF, bibi. Akiba yako ya uzeeni."

"Ndizo mlizonikata?"

"Ndizo."

"Basi hii si ndiyo ile amana ya ukutani?"

Nikasema ndiyo, na niliona fahari kweli, nikidhani tafsiri yangu imeingia.

"Iko wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa ukamilifu, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, lakini kwa haraka nikasema, "Iko Mfukoni, bibi."

"Mfukoni mwa nani?"

Alikuwa ameshakwenda mwenyewe. Alichukua siku yake ya mapumziko, akapanda gari ya alfajiri kwenda mjini, akaomba taarifa ya michango yake. Tangu Januari ya mwaka ule hakikuingia kitu. Ukitoa miezi ya masika ambayo hatuna mshahara, ni miezi saba. Kila mwezi karatasi imeandikwa makato, na kila mwezi makato hayakufika. Wala halikuwa lake peke yake, lilikuwa la sote, na langu pia, mimi niliyekuwa nikizichapa zile karatasi.

Mfuko ule upo kwa sheria tangu 1998, na utaratibu wake si mgumu. Mwajiri anakata fungu la mfanyakazi, anaongeza la kwake, anapeleka yote kila mwezi. La kwake akilichelewesha, tuseme ana deni, na wafanyabiashara wote wana madeni. La mfanyakazi ni jambo jengine. Fedha ile haikuwa yenu hata dakika moja. Ilikuwa ikipita tu mikononi mwenu, kama mzigo unavyopita kwa utingo. Nilimuuliza mhasibu, akafunga mlango kwanza, kisha akaniambia kwamba imekwenda kwenye dizeli ya jenereta na makuti mapya ya mabanda ya ufukweni. Mabanda yalipendeza, sikatai.

Mkutano wa wafanyakazi wote ulikuwa Novemba. Mzee mmoja wa bustani, ambaye kwa miaka mitatu sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu, alisimama. Hakutaja Sheria ya Ajira wala Kamisheni ya Kazi. Alinyoosha kidole ukutani, akasoma kwa silabi kama alivyofundishwa chuo cha Kurani: "A. Ma. Na." Akamgeukia meneja: "Hii yetu tunaitaka."

Meneja akanitazama nimtafsirie. Nikalirudisha neno kwa Kiingereza, kwa lile lile mlilonipa, na nilipolirudisha nililiona linavyopukutika njiani. Madai yalitoka, mwenyewe akatoka, vidani na mtoto wa ndugu vikatoka. Lilipofika kwa meneja lilikuwa limebaki sifa tupu. Akatabasamu, akasema naam, nasi sote tunaamini katika hilo. Watu wakanitazama mimi. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Wiki tatu baadaye ikaja baruapepe kutoka kwenu. Ubao wa Kiswahili uondolewe ili mwonekano wa kampuni uwe mmoja katika hoteli zote. Bango la kioo libaki. Mlipokuja Januari ukuta ulikuwa umeshapakwa rangi na msumari umeng'olewa. Wakati huohuo, na hili nalisema kwa sababu ni haki kulisema, miezi minne kati ya saba ililipwa. Mitatu haikulipwa: Januari, Februari na Machi 2017. Hadi naondoka ilikuwa haijalipwa.

Kuanzia siku ile nikawa nayasikiliza yale maneno mengine kwa sikio jengine. Nikagundua kwamba kila moja lina upande linakoelekea, na upande huo ni chini. Familia nililisikia usiku wa mwaka mpya, watu wameshafanya kazi saa kumi na nne, meneja akiomba wabaki mpaka fataki ziishe, "kwani sisi ni familia." Sikuwahi kulisikia siku ya kugawa kitu. Uwazi lilitajwa pale mlipotaka kujua nani aliyempigia simu mkaguzi wa kazi. (Sanduku la maoni, nakukumbusheni, mlilitundika chini ya kamera.) Na lile la tano, kwa Kiingereza chake, liliandikwa kwenye kibao cha getini, mahali ambapo askari hupekua mikoba ya wanawake wakitoka kazini, mpaka pedi zao. Gari zenu hazikuwahi kupekuliwa, na hilo ni sawa. Lakini basi msiandike kwamba ni msingi wetu sote.

Kwa familia nina mengi, kwani hapo ndipo sahihi yangu ilipotumika zaidi. Kila masika mlifunga hoteli, na mikataba ilikuwa ya miezi kumi: unaanza Juni, unakwisha Machi. Mtu aliyefanya kazi miaka tisa alikuwa mpya kila Juni. Ukongwe wake haukuhesabika, likizo yake haikukua, na mwanamke aliyebeba mimba ya kujifungua Aprili alijua kwamba likizo ya uzazi iliyomo katika Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 itamkuta hana mwajiri. Mliniambia hali ya hewa haina mwenyewe. Lakini masika si ajali! Mvua ile ilikuwa ikinyesha mwezi huohuo kabla ya babu zetu, na dau la mvuvi wa pwani huvutwa juu likakalafatiwa kwa akiba aliyoiweka wakati wa samaki. Kampuni inayojua bei ya chumba cha Disemba ijayo haiwezi kusema imeshtukizwa na Aprili.

Halafu ikaja Machi 2020, ndege zikasita, wageni wa mwisho wakaondoka wamejifunga skafu midomoni. Hapo nawapa udhuru. Hakuna aliyejua la kufanya, na mkoba wa kampuni ulikuwa mtupu kweli. Nisichoweza kukusameheni ni namna ya barua. Nilichapa barua 84 kwa siku mbili, zote kwa Kiingereza, zote zikianza "Mpendwa mwanafamilia", na ukipita sentensi ya tatu unajua huna mshahara. Nilizisaini zote. Walionijia kuniuliza zimeandikwa nini niliwasomea, mmoja mmoja, na wa kumi na kitu hivi nikaanza kuiruka ile salamu ya mwanzo. Ulimi haukuibeba. Juni mwaka ule visiwa vikafunguliwa tena, na mkaniletea orodha ya wa kurejeshwa kwa mshahara wa nusu. Familia gani yenye orodha?

Kwetu, kama hamjui, mtu wa nyumbani akifiwa watu huja kabla hajaita. Yule mzee wa bustani alifiwa na dada yake Micheweni. Akavuka kwa boti, akazika, akarudi siku ya nne kabla hata khitma haijasomwa, akakatwa siku mbili. Mkato ule niliuandika mimi.

Heshima nitaieleza kwa kisa kimoja. Mwaka 2018 kumi la mwisho la Ramadhani liliangukia Juni, hoteli imeshafunguliwa. Chakula cha wafanyakazi kilikuwa saa saba mchana, na rosta haikubadilishwa. Waliofunga walifuturu kwa tende na maji wamesimama kwenye ushoroba wa dobi, na sahani zao za mchana zimeshatupwa. Niliomba chakula kisogezwe mpaka magharibi kwa siku kumi tu. Nikajibiwa kwamba mpishi wa kantini anatoka saa tisa. Wiki hiyohiyo vyumbani mlikuwa mmeweka kadi nzuri ya kuwaelimisha wageni waheshimu mwezi mtukufu na wasile hadharani kijijini. Kadi ile niliitafsiri mimi vilevile. Na msichana wa mapokezi aliyeambiwa avue mtandio kwa sababu hauendani na sura ya hoteli alikuwa akiwapa wageni kijitabu ambacho jalada lake ni mwanamke wa Kizanzibari, amejifunga kanga mbili, anavuna mwani.

Mazingira sitoyagusa sana, hapo mna afadhali. Maji ya wageni ni ya chupa za vioo, na mirija ya plastiki mmeiacha. Ila mkijisifu kwa kukataa mifuko ya plastiki, mkumbuke kwamba Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, kabla hoteli yenu haijachimbiwa msingi.

Katika semina moja mliyonipeleka Dar es Salaam, na nashukuru mlinipeleka, mkufunzi alitusimulia habari za kampuni ya Enron ya Houston, Marekani. Taarifa yao ya mwaka 2000 ilikuwa na ukurasa wa misingi minne: Mawasiliano, Heshima, Uadilifu, Ubora. Disemba 2001 ikafilisika, ikabainika kwamba vitabu vya hesabu vilikuwa vimepikwa miaka mingi. Wenzangu semina nzima walilicheka lile neno uadilifu. Mimi lililonibakia ni jengine. Maelfu ya wafanyakazi wale walikuwa na akiba zao za uzeeni ndani ya hisa za kampuni hiyohiyo, na miezi michache kabla ya kuanguka mwenyekiti wao, Kenneth Lay, alikuwa bado akiwaambia kwamba hisa zile ni za bei ya kutupa, wanunue. Akiba ikateketea. Nikamkumbuka Bi Dobi: kule Houston nako palikuwa na amana, ila hawakuwa na neno la kuidai.

Nimesoma pia kwamba mwaka 2020 Donald Sull na watafiti wenzake wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, waliangalia makampuni makubwa karibu 700, wakakuta zaidi ya manane katika kila kumi yametangaza misingi yao rasmi. Walipolinganisha yaliyotangazwa na yale ambayo wafanyakazi wenyewe wanasema juu ya kampuni zao, hawakukuta uhusiano. Si kwamba walikuta uhusiano wa kinyume, hapana, hawakukuta wowote. Ukutani kuna lake na kazini kuna lake, kama nyumba mbili za majirani wasiosalimiana. Kwa hiyo hamko peke yenu, kama hilo ni faraja kwenu.

Najua mtakachojibu, kwani majibu mengine niliwahi kukuandikieni mwenyewe. Mawakala wa mtandaoni wanachukua fungu nono, umeme haukai, kodi na tozo ni nyingi, msimu hauaminiki. Yote kweli. Na jengine la kweli ambalo sijalisema: mshahara kwenu haukuchelewa. Miaka minane, ukitoa ule wa korona, tarehe 28 fedha ilikuwa benki, na kuna hoteli jirani ambazo watu wake wakilisikia hilo wanaona wivu. Mngeandika ukutani, "Hapa mshahara hutoka tarehe 28, mengine hatuahidi," watu wangewaheshimu na mimi nisingekuwa na barua ya kuandika. Kinachouma si uchache wa mnachotoa, bali kumwambia mtu kwamba ni wa nyumbani na huku unamhesabu kama kiti cha kukodi.

Na mimi? Nilikaa miaka mitano baada ya siku ile ya ubao. Nilikuwa na mkopo, nilikuwa na mtoto skuli ya kulipia, na nilikuwa nikijidanganya kwamba nikiondoka atakuja mbaya zaidi. Watu wa dobi hawakuacha kunisalimia, ila waliacha kuniuliza maswali. Nilipoondoka 2022 nilipewa keki na cheti chenye misingi yote mitano pembezoni.

Kwa nini sasa? Kwa sababu mwakani Bi Dobi anatimiza miaka sitini na anastaafu, na ile miezi mitatu bado haimo. Alinipigia simu mwenyewe, hakulalamika, aliuliza tu kama zile karatasi za zamani ninazo. Ninazo. Mwaka 2024 visiwa hivi vilipokea wageni zaidi ya 700,000, nanyi mmeongeza vyumba, kwa hiyo korona haipo tena ya kusingiziwa. Kwa mshahara wake wa wakati ule, makato ya miezi mitatu ni fedha ambayo mgeni mmoja huiacha baa kwa usiku mmoja. Lipeni ya wote, pamoja na fungu lenu, na taarifa ya Mfuko ibandikwe kila baada ya miezi mitatu chini ya lile bango la kioo, jina kwa jina au namba kwa namba, mtu aione akiwa na kikombe cha chai mkononi. Mikataba iandikwe kwa Kiswahili, na miaka ya mtu ihesabiwe kuvuka masika hata kama mshahara wa masika hamuuwezi. Chakula cha Ramadhani kifuate jua. Semina ya kuyafundisha upya yale maneno msiilete, wafanyakazi wenu wanayajua kuliko nyinyi.

Mkija Januari, kaeni kantini siku moja bila ya meneja. Mtakaa karibu na birika. Hamtosikia mengi, maana wataogopa, lakini mtaona watu wanavyolipita lile bango.

Lililobaki ni la ule ubao. Ulitupwa stoo ya rangi, na siku yangu ya mwisho nilimwomba mtunza stoo nikauchukua. Askari wa getini aliukagua mbele na nyuma, akauandika katika daftari lake, nikatia sahihi. Sasa uko Wete kwa mama, umeegemezwa ukutani nyuma ya kabati, jahazi limepauka kidogo lakini maneno yanasomeka. Sikuuziwa na sikupewa, umekaa tu kwangu. Siku mtakayouhitaji nipigieni simu, nitavuka nao kwa boti nikuleteeni.

Wasalaam,

Aliyekuwa afisa utumishi wenu,
Wete, Pemba